Wazee Wetu na Elimu ya Simu



Katika mafundisho ya Islam hakuna haki ya kiumbe iliyowekwa karibu na haki ya Mwenyezi Mungu kuliko haki ya wazazi. Katika Sura Bani Israil, mara tu baada ya kuamrisha kwamba asiabudiwe yeyote ila Yeye, Mwenyezi Mungu ameamrisha kuwatendea wema wazazi wawili, akautaja hasa wakati wa uzee wao, na akakataza hata ule mguno mdogo unaomtoka mtu aliyechoshwa. Maulamaa wameyaeleza sana mafundisho hayo katika mambo ya chakula, mavazi na matibabu. Leo twataka kuyatazama katika jambo ambalo babu zetu hawakulijua, nalo ni simu ya mkononi, na namna wazee wetu wanavyofundishwa kuitumia au wanavyonyimwa mafundisho hayo.

Huenda msomaji akauliza: Je, simu nayo ni jambo la dini? Twajibu kwamba simu yenyewe ni chombo tu, kama kalamu au jembe. Walakini zama hizi fedha za mzee zimo ndani ya chombo hicho. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, mambo mengi yamehamia humo: umeme, maji, ada za wajukuu, na malipo ya ofisi za serikali yanayofanywa kwa namba maalumu ya malipo. Wastaafu wa utumishi wa umma, ambao zamani walipanga foleni ili kuthibitisha kwamba wangali hai, sasa waweza kuhakikiwa kwa simu janja. Basi chombo kikiisha kubeba riziki ya mtu, siri yake na heshima yake, hukumu za dini juu ya amana, juu ya elimu na juu ya adabu zinakihusu moja kwa moja.

GIZA LA USIKU MBILI

Naomba radhi kwa msomaji kwamba nitaanza kwa kosa langu mwenyewe.

Mama yangu ni mjane aliyepita umri wa miaka sabini. Anakaa Upanga, jirani na Hospitali ya Muhimbili, katika nyumba moja ya ghorofa zile za zamani ambazo ngazi zake huzihesabu kila apandapo. Kwa miaka mingi alikuwa akinunua umeme wa luku dukani chini ya nyumba. Alipewa karatasi yenye tarakimu ishirini, akapanda nayo juu, akavaa miwani, akazibonyeza kwenye mita mwenyewe bila kukosea. Duka lile lilipofungwa, mimi nikamwambia: Mama, usijisumbue, nitakununulia kwa simu. Nikaichukua simu yake, nikamfungulia akaunti ya fedha, na namba ya siri nikaichagua mimi. Ndugu zangu wakimtumia fedha, ziliingia katika simu yake. Na kila alipohitaji kitu, nilikuwa nakwenda au napiga simu, namfanyia. Nilijiona mtoto mwema.

Siku moja nilisafiri kwenda mazikoni mkoani, mahali ambapo mtandao wa simu haukufika. Usiku ule umeme wa mama ukaisha. Alikaa gizani usiku wa kwanza, na usiku wa pili pia, na kitoweo kilichokuwamo katika jokofu kikaharibika. Niliporudi nikamkuta na mshumaa. Nikamwuliza kwa nini hakumgongea jirani. Akasema: Mwanangu, nilione haya kumwambia mtu kwamba fedha ninazo, na simu ninayo mkononi, lakini sijui kuzitoa.

Ndugu msomaji, fedha alikuwa nazo, na simu alikuwa nayo. Namba ya siri nilikuwa nayo mimi, mamia ya maili kutoka kwake. Nilijaribu kujitetea, nikasema kwamba nilimwonea huruma kwa sababu kila alipojaribu alikosea. Akanijibu bila hasira: Ulipokuwa mdogo ulimwaga uji kila siku, wala sikukunyang'anya kijiko.

Maneno hayo yamenikaa moyoni, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Kwani nilipotazama huku na huku, nikaona kwamba kosa langu ni kosa la wengi. Ukienda Kariakoo, ambako kutoka Upanga ni mwendo wa kuvuka tu Barabara ya Morogoro pale Fire, utaona katika maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey jinsi mzee anavyoingia na mjukuu wake kununua simu. Fedha zatoka katika mfuko wa mzee, lakini muuzaji anazungumza na mjukuu. Simu inafunguliwa, inawashwa na kuelezwa, na mzee amesimama pembeni kama aliyesindikiza. Kisha wakifika nyumbani watu husema: Wazee hawawezi mambo haya.

KWA NINI HAWAKUJUA

Yafaa ifahamike kwamba kutojua kwa wazee wetu kuna sababu, na sababu hiyo si upungufu wa akili. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi iliyotarajiwa haikuenda vizuri, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, hata ikawa kuziagiza kunahitaji ruhusa maalumu. Televisheni, ambayo Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, haikuanza kurushwa Tanzania Bara mpaka mwaka 1994. Simu za mkononi nazo zilianza Dar es Salaam katikati ya miaka hiyo ya 1990, nazo zilikuwa za matajiri.

Mchukue basi mtu aliyezaliwa mwaka 1950. Kompyuta zilipozuiliwa alikuwa kijana wa miaka 24. Alipoiona televisheni ya kwanza nyumbani kwa jirani alikuwa na miaka 44. Fedha zilipoanza kutumwa kwa simu alikuwa na miaka 58, karibu na kustaafu. Na ilipoamriwa kuanzia tarehe 1 Mei 2019 kwamba kila laini ya simu isajiliwe kwa alama za vidole, na zile zisizosajiliwa zikaanza kufungwa tarehe 20 Januari 2020, alikuwa anakaribia miaka 70. Mjukuu wake alizaliwa ndani ya mambo haya na kuyanyonya pamoja na maziwa. Babu ameyakuta jioni ya maisha yake, yote kwa pamoja, wala hakuna aliyeketi naye kumweleza. Je, ni haki kumpima babu kwa kipimo cha mjukuu?

Hali kadhalika mwili wa mzee una hukumu zake. Macho hayaoni herufi ndogo. Ngozi ya vidole huwa kavu, na kioo cha simu janja huitambua kwa shida. Kidole chenye kutetemeka kikikaa juu ya kioo kwa muda mrefu kidogo, simu hudhani ameomba jambo jingine. Na yule mwenye simu ndogo ya vitufe, akiisha kupiga *150*00# au namba nyingine ya mtandao wake, hupewa maneno ya kuchagua kwa muda mfupi tu. Akichelewa kusoma, maneno yanatoweka naye hulazimika kuanza upya. Mzee hudhani ameharibu. Kijana humwambia: Si nilikwambia uache? Na hapo ndipo ule mguno uliokatazwa katika Sura Bani Israil unapotutoka bila sisi kuusikia.

KUJIFUNZA KATIKA UZEE SI AIBU

Sasa nina neno kwa wazee wetu wenyewe. Wapo wanaosema: Mimi nimekwisha kuwa mtu mzima, mambo haya ni ya watoto. Kwa heshima yote twasema kwamba dini yetu haikubali usemi huo.

Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. hakujua kusoma wala kuandika. Akiwa na umri wa miaka arobaini, peke yake katika pango la Hira, neno la kwanza aliloteremshiwa lilikuwa amri ya kusoma. Mwenyezi Mungu angeweza kuanza kwa amri nyingine yoyote. Na baada ya kupewa elimu ambayo hakupewa mwanadamu mwingine, bado alifundishwa katika Sura Ta Ha kuomba azidishiwe elimu. Masahaba wake wengi waliingia katika Islam wakiwa watu wazima, wakaketi chini kama watoto wa chuo. Na Imamu Bukhari, katika mlango wa elimu wa kitabu chake, amekumbusha kwamba Masahaba walijifunza katika umri wao mkubwa. Hadhrat Musa a.s. naye, hali ameshakuwa Nabii, anasimuliwa katika Sura Al-Kahf akifunga safari ndefu kumwendea mja mwingine wa Mungu ili afundishwe, na akakubali kuwekewa sharti la subira. Ikiwa Nabii hakuona haya kusema nifundishe, nani kati yetu aone haya?

Tena si lazima twende mbali. Wazee wetu hawa hawa walishuhudia jambo kubwa katika nchi hii. Mwaka 1967 takriban watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Rais Julius Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wakasoma chini ya miembe, katika misikiti na makanisa, na katika madarasa ya watoto baada ya watoto kuondoka. Na mara nyingi mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, akimfundisha mtu wa rika la babu yake. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua wamepungua hata kufikia asilimia 39, na ule wa mwaka 1986 chini ya asilimia 10. Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuisikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kusafisha visima. Redio nayo siku zile ilikuwa chombo kigeni kwa wengi, na wazee wa siku zile hawakusema kwamba ni ya watoto. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliyosimamia kazi hiyo ingalipo hapa Dar es Salaam, katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, si mbali na Upanga.

Katika nchi jirani ya Kenya, mzee Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Alivaa kaptula na soksi ndefu kama wanafunzi wenzake wa shule ya Kapkenduiywo huko Eldoret. Alisema kwamba alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mzee huyo Mkristo ametupa sisi Waislamu funzo, na hekima ni mali iliyopotea ya mwaminio; popote aionapo, aiokote.

Basi ewe mzee wetu mpendwa, usijidharau. Wewe uliyejifunza kuisoma mita ya luku, wewe uliyebadilisha maili kwa kilomita na shilingi mia kwa shilingi elfu, wewe uliyemlea mtoto bila kufundishwa na mtu, huwezi kushindwa na vitufe kumi na viwili.

EWE BABA YANGU

Ama kuhusu vijana, Kurani Tukufu imetuachia kielelezo cha ajabu. Katika Sura Mariamu tunasimuliwa jinsi Hadhrat Ibrahim a.s. alivyozungumza na baba yake. Alikuwa na elimu ambayo baba hakuwa nayo, naye alimwambia hivyo waziwazi. Lakini tazama adabu yake! Mara nne, neno baada ya neno, alianza kwa kumwita: Ewe baba yangu. Jambo lililokuwa kati yao lilikuwa zito kupita mambo yote, yaani Umoja wa Mwenyezi Mungu. Na baba alimjibu kwa ukali na kutishia kumpiga mawe. Hata hivyo mtoto alimtakia amani na kuahidi kumwombea. Ikiwa katika jambo la ukweli na shirki Nabii wa Mungu hakuacha kusema Ewe baba yangu, je, sisi tutaacha kwa ajili ya vitufe vya simu?

Wapo vijana wanaomwita mama yao mshamba mbele ya marafiki kwa kuwa ametuma picha isiyokusudiwa. Wapo wanaocheka sauti ya babu aliyejirekodi akisema peke yake bila kujua kwamba kimeanza kurekodi. Na wapo kina sisi, ambao hatuwacheki, ila tunawapokonya simu kwa upole na kusema: Lete nikufanyie. Huyu wa mwisho hudhani ametenda wema, na katika siku ya dharura huenda ametenda wema kweli. Walakini akifanya hivyo kila siku, amemfunga mzazi wake kamba isiyoonekana. Mzee sasa hawezi kujua salio lake bila wewe. Hawezi kumpelekea dada yake mgonjwa shilingi elfu kumi bila wewe kujua na kuuliza za nini. Sadaka yake ya siri, ambayo mkono wa kushoto haukupasa kuijua, inapita mikononi mwako kwanza.

NAMBA YA SIRI NI AMANA

Hapa pana jambo zito zaidi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu imo katika Sura Al-Baqara, nayo yahusu kuandikiana deni. Mwenyezi Mungu ameeleza humo kwamba mwenye deni ndiye atamke maneno ya kuandikwa. Na akiwa ni dhaifu, au hawezi kutamka mwenyewe, basi msimamizi wake atamke kwa niaba yake kwa uadilifu. Tazama, msomaji, jinsi neno hilo linavyoingia katika hali ya leo. Dini inakiri kwamba wapo wasioweza, nayo inaruhusu wasaidiwe. Lakini kwanza imeweka haki mikononi mwa mwenyewe, na msimamizi amekuja baadaye tu, tena amefungwa kwa sharti la uadilifu.

Kwa hiyo anayemshikia mzee simu yake ni msimamizi aliyetajwa na Kurani, ajue asijue. Yampasa kila shilingi inayotoka aitaje, kila ujumbe unaoingia amsomee, wala asikope humo kimya kimya kwa nia ya kurudisha mwisho wa mwezi. Katika miji yetu tumesikia ya mjukuu aliyepewa namba ya siri amsaidie bibi, akatoa leo elfu mbili ya vocha, kesho elfu tano ya chakula cha rafiki; na bibi, kwa kuwa hajui kusoma salio, akadhani watoto wake wameacha kumkumbuka. Ni wizi ulio mbaya mara mbili, kwani umeiba fedha na umeiba imani ya mama kwa watoto wake. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura An-Nisaa kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe. Amana ya kwanza ya kurudisha ni namba ya siri.

Vivyo hivyo kuhusu usajili. Siku zile za mwaka 2019 na 2020 wapo wazee ambao hawakuwa na namba ya kitambulisho cha taifa, na wengine alama za vidole vyao zimefifia kwa jembe na sabuni, hata laini zao zikaandikwa kwa jina la mtoto. Fedha zilizomo katika laini hiyo, mbele ya sheria, zinaonekana kuwa za mwenye jina. Mtoto akifariki, au ndugu wakigombana, mzee atathibitishaje? Waweza kupiga *106# ukaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona ya mama imo humo, fanya safari moja uende naye mkairekebishe. Utakuwa umeandika wasia kabla ya msiba.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Wale waliofundisha kisomo miaka ya 1970 walikuwa na hekima moja ambayo yatufaa. Hawakumfundisha mkulima wa pamba herufi kwa maneno asiyoyahitaji. Kitabu cha kwanza cha mkulima wa pamba kilikuwa juu ya pamba, cha mvuvi juu ya samaki, cha mwenye migomba juu ya ndizi. Mtu akajifunza herufi huku akijifunza kazi yake. Nasi tuanze na jambo analolitaka mzee mwenyewe. Mama yangu hakutaka kwanza kununua umeme, ingawa ndio uliomtesa. Alitaka kusikia sauti ya mjukuu wake aliye Uingereza bila kunisubiri mimi. Tukaanza na hilo. Alipoisikia sauti ile kwa kidole chake mwenyewe, hofu nusu ilimwondoka.

Jambo la pili, simu isitoke mkononi mwa mzee. Wewe sema, yeye abonyeze. Mikono yako iweke nyuma ya mgongo kama unaswaga mbuzi. Hii ni subira ngumu kuliko unavyodhani, na mimi nilishindwa mara nyingi.

Jambo la tatu, somo moja kwa siku, na kesho lile lile tena. Aandike hatua katika daftari kwa mkono wake na kwa maneno yake. Mama yangu aliandika kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni utotoni, maana ndizo anazozisoma upesi. Daftari lile mimi silisomi vizuri, nalo halikuandikwa kwa ajili yangu.

Jambo la nne, akosee kwa kitu kidogo. Tulianza na shilingi 1,000, akanitumia mimi, nami nikamrudishia, siku baada ya siku. Fundisha kwamba kabla fedha hazijaondoka, jina la mpokeaji huonyeshwa. Hapo asimame, asome jina, ndipo aweke namba ya siri. Namba hiyo aichague yeye, isiwe mwaka wake wa kuzaliwa, nawe geuza uso anapoiandika.

Jambo la tano, chombo kimfae mtu. Katika simu janja herufi zaweza kukuzwa na mlio kuongezwa. Ni kazi ya dakika mbili ambayo wengi hatukuwahi kuwafanyia. Na mzee akipenda kubaki na kitochi cha vitufe, usimwone mnyonge. Vitufe husikika chini ya kidole, na kutuma fedha kwaweza kufanywa kwa simu hiyo vile vile.

Ilichukua kama miezi miwili. Siku moja mama alivuka mwenyewe kwenda Kariakoo, akanunua doti ya kanga, akalipa kwa simu. Aliponipigia kunipa habari, hakuzitaja kanga. Alisema: Jina la yule muuzaji lilitokea, nikalisoma.

TAHADHARI

Haifai kumpa mtu kisu bila kumwonyesha makali yake. Matapeli wanajua kwamba wazee ni waaminifu. Hutuma ujumbe unaosema kana kwamba mlikuwa katika mazungumzo, kwamba ile hela itumwe katika namba hii. Na mzee aliyekuwa akikusudia kweli kumtumia mtu fedha hudhani ndiye. Wengine hupiga simu wakijifanya wafanyakazi wa kampuni, wakaomba namba ya siri. Mfundishe mzee kanuni moja asiyoweza kuisahau: anayeomba namba ya siri ni mwizi, hata akiapa. Na ujumbe wa ulaghai waweza kuripotiwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia namba 15040, bila malipo ya aibu wala kuulizwa umri. Mzee akiwa ametapeliwa, usimgombeze. Akigombezwa leo, kesho ataficha, na mwizi atarudi.

Hali kadhalika habari za uongo. Sura Al-Hujurat inatuamuru kuchunguza tunapoletewa habari na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu bila kujua. Siku hizi habari huja usiku na mchana, zenye dawa za uongo na vifo vya watu walio hai. Mzee anapozisambaza, huzisambaza kwa huruma. Mwambie kwa adabu: Baba, hii tuichunguze kwanza. Hapo utakuwa umemfundisha simu na Kurani kwa pamoja.

KWA KUMALIZIA

Tarehe 1 Oktoba ya kila mwaka ni siku ya wazee duniani, na mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliielekeza siku hiyo katika jambo hili hili, yaani usawa wa watu wa rika zote katika vyombo vya kidijitali. Ulimwengu umeliona. Yatupasa sisi, tulioamriwa jambo hili karne nyingi kabla, tusiwe wa mwisho kulitenda.

Yasimuliwa katika vitabu vya sira kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijria, mateka wasio na fidia waliachwa huru kwa kuwafundisha watoto kumi wa Madina kuandika. Mateka alinunua uhuru wake kwa kufundisha. Sisi tuna deni kubwa kuliko la mateka, nalo ni deni la maziwa na usingizi wa mama. Na hatuwezi kulilipa. Lakini saa moja baada ya sala ya Alasiri, kando ya kiti cha mzee, mikono ikiwa nyuma na ulimi ukisema Ewe baba yangu, Ewe mama yangu, ni sehemu ndogo ya deni hilo tunayoweza kuilipa wiki hii. Tena tukumbuke yale yasemwayo katika Sura An-Nahl, kwamba wapo miongoni mwetu watakaorudishwa katika umri dhaifu kabisa, wasijue kitu baada ya kujua. Siku hiyo kutakuwa na chombo kipya ambacho leo hakina jina, nasi tutamtazama mjukuu machoni tukingoja kuona kama atatufundisha au atatupokonya.

Mwenyezi Mungu awazidishie wazee wetu elimu na afya, aifanye mikono yao iwe na nguvu juu ya mali yao, atujaalie sisi watoto subira na uadilifu katika amana tulizoshika, na awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Amin.